Kilele cha Pili

Siku mdogo wangu alipovimba uso, uani tulikuwapo watu watano: mimi; yeye mwenyewe, mtoto wa darasa la tano; dada yetu kitinda mimba, aliyekuwa akisugua sufuria; mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa; na mpangaji wa chumba cha mbele, mkemia kutoka bara, aliyesimama mlangoni mwa bafu na taulo shingoni akingoja zamu yake. Nawataja wote kwa sababu baadaye, nilipoanza kuwaogopa watu, niliwapitia hawa hawa kichwani mmoja mmoja.

Nilikuwa nimetoka kumchoma sindano yake ya asubuhi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu udogoni, na insulini ilikuwa kwake kama chakula. Mama ndiye aliyekuwa akimchoma. Mama alipofariki, miaka michache nyuma ya baba, nikaacha shule katika kidato cha pili, nikachukua bomba la sindano na funguo za chumba. Nilikuwa nimezoea. Lakini asubuhi ile alianza kujikuna paja, halafu tumbo, kisha akaniangalia kwa macho yaliyokuwa yakifumbwa na mashavu yake mwenyewe.

"Dada, koo linabana."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka taulo la mkemia likianguka kwenye maji machafu, na yeye akikimbia na mtoto mabegani kuelekea barabara ya Magongo, akiwa na fulana tu na kikoi cha kuazima, akisimamisha malori kwa mkono. Dereva mmoja wa lori la mafuta akasimama. Bi Mkubwa alibaki mlangoni akisoma dua kwa sauti, na kila nilipogeuka nilimwona bado amesimama pale pale.

Hospitalini walimwahi. Jioni uso ulikuwa umepungua na pumzi imerudi, ndipo daktari akaniita. Alisema insulini ile hutolewa kwenye kongosho la mnyama, na kwamba huenda dawa yenyewe ina mabaki ya protini nyingine ambayo mwili wa mtoto unayakataa. Au dawa ni safi, na mwili wake umeanza kuikataa insulini yenyewe.

"Ikiwa ni dawa, ibadilishwe," alisema. "Ikiwa ni mwili, tutamlaza hapa na kumzoesha kidogo kidogo, tone kwa tone, tukimtazama. Lakini nikimzoesha kwa dawa chafu, nitamuua. Na akikaa bila dawa, atakufa vilevile."

"Sasa ni ipi, daktari?"

"Sijui, binti yangu. Kwa macho sioni."

Wakamweka wodini, wakimpa dozi ndogo ndogo pamoja na dawa ya kutuliza mwili, kiasi cha kumshikilia tu. Njia mbili, na nyuma ya mojawapo kulikuwa na kaburi. Nilirudi nyumbani nikilitembea lile vumbi la Changamwe, malori yakinipita, na sikuyasikia.

Sasa nieleze kuhusu mkemia. Alifanya kazi katika maabara ya watu binafsi, upande wa viwandani, iliyopima mafuta ya kupikia, maji, na bidhaa za bandarini. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi huko ya kuosha vyombo vya kioo. Alikuwa mtu mpole, ila mdomo wake haukuwa na breki. Mara ya kwanza alipoona chupa ya mdogo wangu ndani ya friji ya Bi Mkubwa, miezi mingi kabla ya haya, aliigeuza akasoma lebo, akasema mbele ya watu wote, "Ah, hii ni ya nguruwe."

Dada yetu mdogo akatoa macho. Mimi nilikuwa nikijua. Nilikuwa nimeshamwuliza imamu wa msikiti wetu, naye akaniambia penye dharura mlango umefunguliwa, mchome mtoto wako wala usiwe na wasiwasi. Nikamjibu mkemia hivyo. Akaomba radhi sana. Bi Mkubwa alichukua chupa mkononi mwa mkemia, akairudisha kwenye mlango wa friji, akafuta mikono kwa leso.

Friji ile ilikuwa ya pekee katika nyumba yetu ya vyumba sita. Humo Bi Mkubwa aligandisha mabarafu ya ukwaju aliyowauzia watoto, na humo tuliweka insulini: chupa yetu, na chupa yake yeye, kwani naye alikuwa na sukari. Yake aliletewa na mwanawe aliyefanya kazi Uarabuni.

Usiku ule baada ya hospitali mkemia alinigongea, akabaki nje ya mlango kama ada. Akaniambia ana rafiki, walisoma pamoja, ambaye yuko chuo kimoja ng'ambo, na huko kuna mashine ya kupima uzito wa molekuli. Aliitaja kwa jina lake la Kizungu, mas spektromita, kisha akanifafanulia. Dawa hugeuzwa chembe zinazorushwa ndani ya bomba lisilo na hewa. Chembe nyepesi hufika mapema, nzito huchelewa, na mashine huchora mlima mahali kila uzito ulipofika. Insulini safi ni mlima mmoja. Ikiwa kuna protini nyingine, utaona kilele cha pili.

"Mwenzangu kazini anasafiri kesho kutwa. Atabeba tone moja kwenye chupa ya chai yenye barafu. Nipe ruhusa tu."

Nikampa. Tukangoja. Sijui kama kuna woga mbaya kuliko ule wa kungoja kitu ambacho huwezi kukisukuma. Nilikuwa nikiosha vioo kazini, na kila simu ilipolia ofisini glasi iliniponyoka.

Jibu lilikuja kwa faksi. Mkemia aliniita kwenye korido, akafungua karatasi. Mlima mkubwa, na ubavuni mwake, mbele kidogo, kilele kingine kidogo.

"Kipo," nikasema. "Dawa ni chafu. Naenda kuzivunja zote."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Mtoto afe?"

"Dada, nisikilize. Hili ni tone moja, la chupa moja, lililopimwa mara moja. Mashine huota ndoto. Labda bomba la sindano lilikuwa na uchafu. Labda mtu aliyepima kabla yetu aliacha mabaki yake ndani. Wewe mwenyewe unaosha vioo vyetu. Umewahi kuona tukipima mafuta mara moja tu?"

Sikuwahi. Kila sampuli ilikuja na vioo vitatu, na niliwahi kulalamika kwamba wananiongezea kazi bure.

"Basi. Na dawa hii ndiyo pekee iliyopo Mombasa sasa hivi. Nikisema ni chafu na si chafu, nimemnyima mtoto dawa yake. Na wengine wangapi?"

Alitaka chupa tatu zenye nambari ile ile iliyopigwa kwenye lebo, maana yake zilizotengenezwa pamoja kiwandani. Ile yetu iliyofunguliwa, ambayo sasa ilikaa bila kutumiwa. Mpya niliyopewa hospitalini, bado na kifuniko chake. Na nyingine iliyofungwa ambayo alimwomba mfamasia mmoja mjini. Kutoka kila chupa atatoa mara tatu, kila mara kwa sindano mpya. Vitone tisa, vikaenda vimefungwa na barafu, safari hii kwa rubani aliyejuana na bosi wake.

Katika kungoja kule kwa pili ndipo mtaa wetu wa Magongo ulipoanza kuninong'oneza. Jirani mmoja akaniambia mtoto haugui bure, amepigwa jicho la hasidi. Mwingine akaniuliza kama ninawajua wote wanaoingia nyumbani mwetu. Nikasema ni nyumba ya wapangaji, mlango haufungwi mchana, watoto wa mtaa mzima hufuata mabarafu. Akatikisa kichwa, akaondoka. Dada yetu mdogo alikataa kula chochote kilichotoka kwenye friji.

"Una nini wewe?" nikamwuliza.

"Wanamroga, dada. Kesho wataniroga mimi."

"Nani?"

"Sijui. Ndiyo maana sili."

Nilimkemea, lakini nami nilikuwa nimeacha kunywa maji ya mle.

Faksi ya pili ilikuwa ndefu. Mkemia aliitandaza juu ya meza ya maabara, karatasi tisa zimeungana, akazipitia moja moja kwa kidole mpaka nikaogopa zaidi. Chupa ya kwanza iliyofungwa: mlima mmoja, mlima mmoja, mlima mmoja. Ya pili iliyofungwa: hivyo hivyo. Chupa yetu: mara zote tatu, kilele cha pili kipo, mahali pale pale, kimo karibu kile kile.

"Mashine haikuota," alisema polepole. "Kitu hiki kipo kweli. Mara tatu kwa sindano tatu. Lakini hakikutoka kiwandani, kwa sababu ndugu zake wawili hawana."

"Kwa hiyo?"

Alinitazama, na nikaona naye anaogopa. "Kwa hiyo kimeingia baadaye. Mtu amekitia."

Chini ya karatasi rafiki yake alikuwa ameandika mstari mmoja kwa mkono. Uzito wa kilele cha pili unalingana na insulini ya ng'ombe.

Sikuomba ruhusa ya kazi. Nilivua aproni nikatembea nyumbani kwenye jua la mchana, ndege ikishuka juu ya mabati kuelekea uwanja wa Port Reitz, kivuli chake kikinipita. Njiani niliwapanga wale watu watano. Mimi. Mtoto. Kitinda mimba. Mkemia. Kila nilipofika kwa wa tano nilirudi nyuma, nikaanza upya.

Uani hapakuwa na mtu. Nikafungua friji. Chupa ya Bi Mkubwa ilikuwa mlangoni, na maandishi yake yalikuwa ya Kiarabu. Kiarabu chenyewe sikijui, ila nilisoma chuoni utotoni na herufi nazifahamu, na sura ya pili ya Kurani kila mtoto wa chuoni anajua ina jina la nani. Nikafuata herufi kwa kidole. Baqari.

Ng'ombe.

Kidole kilibaki pale. Huyu ndiye aliyemfumba macho mama yangu. Huyu ndiye aliyeacha kututoza kodi ya chumba mwaka mzima na kusema tutaongea. Kama ni huyu, basi hakuna mtu.

"Unatafuta barafu?"

Alikuwa nyuma yangu, na sinia la ukwaju mkononi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mbona waniamkia mara ya pili leo? Kuna nini?"

"Dawa yako imeingiaje kwenye chupa ya mtoto?"

Aliliweka sinia chini taratibu, asimwage. "Nani kakwambia?"

"Mashine."

"Mashine gani?"

"Iko Ulaya."

"Iko Ulaya, na imenichungulia jikoni mwangu Magongo?" Alijaribu kucheka. Kisha akaona uso wangu, na kicheko kikamkauka. "Mwanangu, unanitazama hivyo kwa nini? Unanidhania nini?"

Bi Mkubwa akavuta kigoda akakaa.

"Yule mtu wa bara aliposema yale maneno," alisema, "sikulala. Nilimwahidi mamako. Nilimwambia, lala, mwanao ni wangu. Halafu kila asubuhi mwanangu anachomwa nguruwe mbele ya macho yangu, nami nina halali kwenye mlango wa friji! Kwa hiyo kila nikipata nafasi nilivuta kidogo yangu, nikatia kwenye yenu. Nikasema, hata kama haitoshi yote, angalau iwe nusu kwa nusu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sadaka haitangazwi, mwanangu. Ukiitangaza imekwisha."

"Imamu alisema ni dharura."

"Dharura yako wewe. Mimi moyo wangu ni wa kizamani, haujui hayo." Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ile ya ng'ombe imemdhuru?"

Mkemia alikuwa amenieleza kazini kwamba insulini ya ng'ombe inatofautiana na ya mwanadamu zaidi kuliko ya nguruwe, na kwamba mwili ukiipata leo, ukaikosa kesho, ukaipata tena, huweza kuipigania. Nilijua jibu. Nilimwangalia Bi Mkubwa, mikono yake magotini, na nikatamani mashine ile isingekuwa na uhakika kiasi kile.

"Huenda," nikasema.

Alijifunika uso kwa leso. Na mimi, woga ulionitoka kwa upande mmoja ukaniingia kwa upande mwingine, kwa kuwa sasa niliifungua friji tena na kuitazama chupa yake vizuri. Ilikuwa karibu tupu.

"Nyingine ziko wapi?"

"Zilizoletwa ndizo hizo. Yule wangu wa Uarabuni kazi imemwishia huko, anatafuta."

"Na wewe umekuwa ukijichoma nini, ukimpa mtoto?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Mimi mzee, nahitaji sukari gani ya kuangaliwa?"

Ndipo nikakumbuka kidonda kwenye mguu wake ambacho alikuwa akisema ni cha viatu.

Yaliyofuata hospitalini niyaseme kwa ufupi. Daktari alisoma karatasi tisa, akauliza maswali mengi, akakubali: dawa iliyofungwa ni safi, kilichompata mtoto kilitiwa. Wakaanza kumzoesha kwa ile iliyofungwa, kwa dozi ambayo bomba halikuweza hata kuionyesha mpaka waizimue. Nilikaa kando ya kitanda nikiitazama midomo yake. Kila walipoongeza, sikupumua. Alipojikuna shingo nilipiga kelele, muuguzi akaja mbio.

"Dada," akasema yule mtoto, "ni mbu."

Wodi nzima ikacheka, mimi nikalia. Hakuvimba. Alirudi nyumbani, na tangu siku ile chupa yetu ilikaa ndani ya mtungi wangu mwenyewe, kwenye mchanga mbichi chini ya kitanda, na hakuna mkono mwingine uliougusa.

Bi Mkubwa dawa yake ilikwisha. Tulimbembeleza, imamu akaja kumbembeleza, hatimaye akakubali ile ya hospitali, lakini alijichoma akiwa amegeuza uso ukutani, na siku nyingine hakujichoma kabisa. Kidonda kilikula vidole viwili vya mguu. Alipokuwa hawezi tena kupanda vizingiti, binti yake akamchukua Likoni, na nyumba ya Magongo ikasimamiwa na wapwa.

Hakunilaumu hata siku moja. Lakini mimi nilijua kwamba kila alichokitia kwenye chupa ya mdogo wangu kilikuwa kimetoka mwilini mwake. Siku ya kumuaga nilimwambia, "Bi Mkubwa, unanidai."

"Nikudai nini?"

"Dawa yako. Nitakuletea halali."

"Utaitoa wapi? Utachinja ng'ombe?"

Mkemia alikuwa amenieleza kwamba kuna insulini mpya inayotengenezwa na vijidudu, mfano wa ile ya mwanadamu, bila ng'ombe wala nguruwe, ila Mombasa ilikuwa haba na bei yake ya watu wengine. Miaka ikapita. Nilipandishwa kazini, nikawa natayarisha vioo badala ya kuviosha tu. Mkemia alihamishwa bara. Mwishowe, karibu na mwisho wa miaka ya tisini, mfamasia aliniuzia chupa moja. Moja tu, nyingine zilikuwa zimewekewa watu.

Niliivusha kwa feri hadi Likoni ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Nilimkuta barazani, mguu juu ya mto, amekonda, ulimi haujakonda. Akaishika chupa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Haina nguruwe?"

"Haina."

"Haina ng'ombe?"

"Haina."

"Basi ina nini?"

"Kijidudu, Bi Mkubwa. Wanakifuga, kinaitengeneza."

"Kijidudu!" Aliniangalia kwa jicho moja. "Nacho kimechinjwa kuelekea kibla?"

Binti yake alicheka mpaka akamwaga chai. Bi Mkubwa mwenyewe hakucheka. Aliifunga chupa ile kwenye pembe ya leso yake, mafundo mawili, nikaogopa kumwambia kwamba itapata joto.

"Nipe niiweke kwenye baridi."

"Ngoja kwanza niishike." Akaishika. Halafu akasema, "Imefika moja."

"Ndiyo. Nyingine nimeagiza. Bado wanasema haijafika."

"Nilikutilia nyingi, mwanangu."

"Najua."

"Basi nenda, feri isikuache. Na ukija tena usije mikono mitupu."